Ombi Ambalo Halikutoka

Sauti ya marehemu ilimpokea Sikio mlangoni.

"Umeamka? Basi tuko wawili."

Alisimama palepale, mkono kwenye kitasa, mkoba begani. Sauti ile aliijua kuliko sauti za shangazi zake. Alikua nayo. Kila alfajiri ya utoto wake baba alinyoa ndevu mbele ya kioo kilichopasuka, redio ikiwa juu ya dirisha, mama akiwahimiza watoto wapunguze kelele, na mwanamke yule akaingia nyumbani kwao bila kubisha hodi na kuuliza swali lake lilelile. Baba alikuwa akimjibu. "Tumeamka, dada," alisema, povu la sabuni limejaa shavuni. Mtu mzima na akili zake timamu, anajibishana na redio.

Sasa baba hayupo. Redio yenyewe iliishia kwa fundi mmoja ambaye mpaka leo anasema njoo kesho. Na mtangazaji, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Alfajiri, alizikwa mwaka juzi. Lakini sauti ilikuwa ikitoka kwenye kompyuta ya mapokezi ya kituo kilekile cha redio, na nyuma ya kompyuta alikaa binti yake wa pekee, mhudumu wa mapokezi, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama," binti alisema, akaizima.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umezima?"

"Meneja alikataza nisiiguse mpaka ufike. Nimeigusa."

Sikio alimpenda hapohapo. Katika kazi yake watu wanaokiri kabla ya kuulizwa ni adimu kama mvua ya kiangazi.

Meneja alitokea ndani, tai shingoni, simu mkononi, mtu wa haraka zake. "Bi Sikio, karibu sana. Jambo lenyewe jepesi. Mwizi tunaye. Tunachotaka kwako ni ushahidi tu."

"Kama mwizi mnaye, mimi mmeniitia chai?"

Meneja alicheka nusu. Kisha akaeleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Tovuti ya redio ilikuwa na ukurasa wa sauti za zamani, na humo ndimo zilimohifadhiwa asubuhi zote za Bibi Alfajiri zilizookolewa kutoka kwenye kanda. Wiki hii ukurasa ukawa mtupu. Kwenye simu hakuna kitu, ofisini kwake hakuna kitu, studio hakuna kitu. Kampuni inayotunza seva imesema mafaili yamefutwa na wao hawana akiba yoyote.

"Lakini hapa mapokezi," Meneja alisema akiigonga kompyuta kwa kidole, "ukurasa unafunguka kamili na sauti zinacheza. Mashine moja tu! Maana yake kuna mtu amezifuta kule, akaficha nakala mahali, na anailisha mashine hii peke yake. Mtu mwenye ujuzi huo hapa ni mmoja, fundi mitambo."

"Yule wanayemwita Nyaya."

"Huyohuyo. Alifanya kazi na marehemu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilipoagiza kanda za zamani zitupwe, zilikuwa zimeoza, alisimama kwenye korido hii akasema mbele za watu, 'Sauti hizi hamtazipata tena.' Mashahidi ninao. Barua ya kumfukuza iko mezani kwangu, na mchana huu nampeleka polisi. Alijisahau, bwana. Sikio halipiti kichwa." Akakumbuka anazungumza na nani, akakohoa. "Samahani, sikukusudia wewe."

"Nimezoea," Sikio alisema.

Jina lile alilipata ujanani, alipokuwa askari katika chumba cha kusikiliza simu. Kilikuwa chumba cha ghorofa ya juu, mapazia yamefungwa, kanda zikizunguka polepole, na yeye akiwa na vipokea sauti vizito vilivyoacha alama juu ya masikio. Mkuu wake wa pale alikuwa na amri moja tu, nyingine zote alizisahau hata yeye: usiguse waya kabla hujausikiliza. Sikio alikipenda chumba kile. Wakati mwingine, akiwa peke yake, bado alikikumbuka.

Siku hizi hakuna kanda. Mkobani alibeba kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kulikuwa na msaidizi wa akili bandia aliyempa jina la Karani, kwa kuwa alikuwa na tabia zote za karani mzuri: hachoki, hasengenyi, anaandika kila kitu, na anafuata utaratibu hata pale utaratibu unapoelekea shimoni. Mwaka huu Karani alikuwa amepata chombo kipya. Kivinjari kinapofungua ukurasa hutuma maombi huko nje, kama mama anavyotuma watoto dukani, huyu alete picha, yule maandishi, yule mwingine sauti. Kwa chombo kile Karani aliweza kukaa kizingitini na kuwaona wote, nani ametoka, kaenda kwa nani, karudi na nini mkononi. Kwa Sikio ilikuwa kazi ileile ya zamani, pasipo mapazia.

Aliunganisha kompyuta mbili kwa waya mfupi.

"Nimeunganishwa na kivinjari cha mapokezi," Karani alisema kwa sauti yake ya upole. "Utaratibu wa kawaida ni kufuta kwanza stoo ya kivinjari, yaani vitu vyote kilivyojiwekea, ili maombi yatoke upya na nisikose hata moja. Nifute?"

Kidole cha Sikio kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali. Mazoea tu ndiyo yaliyomzuia, mazoea ya chumba kile cha mapazia.

"Usifute. Sikiliza kwanza."

"Kuna maombi nitayakosa."

"Yakose."

Binti alifungua ukurasa, akabonyeza. *Umeamka? Basi tuko wawili.* Nyuma ya sauti ile jogoo wa mtu aliwika mbali, na kikombe kikatua juu ya kisahani. Sikio alitazama pembeni kidogo. Mtu hawezi kufanya upelelezi huku pua inamwasha.

"Ombi moja limetoka," Karani alisema. "Limekwenda kwenye anwani ambayo si ya kituo hiki wala si ya kampuni ya seva."

Meneja alipiga meza kiganja. "Ndiyo hiyo! Seva yake ya siri. Nilisema mimi."

"Limerudi na nini?" Sikio aliuliza.

"Maneno machache. Yanasema huduma ya hali ya hewa imefungwa."

"Ni kile kiboksi cha juu," binti alisema taratibu, akionyesha kona ya ukurasa. "Mama alikuwa akisoma hali ya hewa baada ya salamu, kwa hiyo na ukurasa wakauwekea. Hakijafanya kazi siku nyingi."

"Bwana Meneja," Sikio alisema, "kifurushi cha ukubwa huu hakibebi hata kikohozi cha mtu, seuze asubuhi nzima ya redio. Naomba nimwone fundi."

Nyaya alikuwa studio, amekaa upande wake wa kioo, vipokea sauti vikining'inia shingoni ingawa hakuna kilichokuwa kikirushwa. Upande wa pili wa kioo kilionekana kiti cha mtangazaji na mto wa kitambaa cha maua uliobonyea katikati. Watangazaji wapya walikuja na viti vyao. Kile hakuna aliyekikalia.

"Ulisema hawatazipata tena?" Sikio alimuuliza.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Umeshawahi kukuta maisha yako kwenye pipa la taka, mvua inayanyeshea? Nilikuwa na hasira, dada. Mwenye hasira husema. Mwenye njama hunyamaza."

Sikio aliliweka neno lile kichwani, lilimpendeza. "Nakala unazo nyumbani?"

"Sina."

"Fundi mzima kama wewe, uliyezitoa kwenye kanda kwa mikono yako, huna nakala?"

"Yeye alikataza. Alisema sauti ya redio ni ya watu, haifungiwi sandukuni mwa mtu mmoja. Nilimtii akiwa hai, nije kumwasi kaburini?" Nyaya alivivua vipokea sauti, akavizungusha mikononi. "Huyo Meneja na anifukuze. Nimechoka, na magoti yameshaanza kulalamika. Lakini binti yule, nilimfundisha kufunga kamba za viatu chini ya meza hii, mama yake yuko hewani, sote tunazuia pumzi. Ananiita mjomba tangu hajui kusema. Wiki hii ananipita koridoni kana kwamba mimi ni ukuta. Anaamini nimemwibia mama yake. Hilo ndilo linaloniua, mengine upepo tu."

"Njoo nami," Sikio alisema. "Nitahitaji mikono yako."

Mapokezi, binti aliinamisha kichwa alipomwona fundi. Hakumwamkia. Nyaya alisimama karibu na mlango kama mgeni.

"Karani, turudi mwanzo," Sikio alisema. "Sauti ilipocheza, ni ombi gani lililotoka kwenda kuileta?"

"Hakuna. Lililotoka ni la hali ya hewa peke yake. Ombi la sauti halikutoka."

"Basi chombo chako kibovu," Meneja alisema. Saa yake aliitazama, mlango akautazama, na subira ikamwishia. "Au ndiyo ujanja wenyewe wa huyu mzee. Si chombo chenyewe kilisema ifutwe stoo? Ngoja niifute, tuone sauti inatoka wapi."

Aliinama juu ya meza, akashika kipanya. Mshale ulipanda kwenye kona ya kioo cha kompyuta, orodha ikafunguka, neno Futa likaonekana. Sikio alimkamata kifundo cha mkono.

"Hapa hakifutwi kitu."

"Bi Sikio, hii ni ofisi yangu."

"Na kesi ni yangu. Nyaya, chomoa waya wa mtandao."

Fundi alimtazama, kisha akainama chini ya meza, magoti yakilia. Waya ulichomoka. Kwenye kompyuta alama ya mtandao ikawa nyekundu.

"Bonyeza, mwanangu."

Binti alibonyeza.

*Umeamka? Basi tuko wawili.*

Jogoo akawika. Kikombe kikatua kwenye kisahani. Chini ya meza Nyaya alikuwa ameshika ncha ya waya mkononi, mdomo wazi.

"Mtoto hakutumwa dukani," Sikio alisema, "kwa sababu kitu kilikuwa ndani ya nyumba. Karani, ukurasa huu ulitengenezwaje?"

"Ulitengenezwa ujihifadhi wenyewe. Kila sauti ikichezwa mara moja, kivinjari huiweka stoo, ili hata mtandao ukikatika icheze."

"Enzi zile ulikuwa unakatika kila mara," Nyaya alisema kutoka chini. "Mimi ndiye niliyemwomba mtengenezaji. Nimesahau kabisa."

"Na humo stoo zimo sauti ngapi za Bibi Alfajiri?"

"Zote," Karani alisema.

Binti aliweka mkono kifuani. "Kila asubuhi nasikiliza moja kabla sijafungua mlango wa mbele. Zikiisha, naanza tena ya kwanza."

Meneja alikiachia kipanya, akarudi nyuma hatua. Uso ulikuwa umempauka. "Nusura nizifute," alisema.

"Nusura," Sikio alisema. "Na mimi nusura, kabla yako." Kubonyeza mara moja tu, kwa nia njema na kwa kufuata utaratibu, na mwanamke yule angekufa mara ya pili.

Lakini kesi ilikuwa bado. Kuwepo kwa nakala hakukueleza nani aliyefuta kule kwenye seva, na barua ilikuwa bado mezani. Sikio aliomba wahamie ofisini kwa Meneja, na Meneja afungue kwa kivinjari chake ule ukurasa anaoutumia kusimamia seva. Aliuhamishia waya wa Karani kwenye kompyuta ile, na wote wanne wakabanana mbele ya kioo. Ukurasa ulijaa picha za watu wanaotabasamu na maneno kwamba kila kitu kiko salama.

"Hakuna kitu hapa," Meneja alisema. "Nimeupitia mara nyingi."

"Unaoonekana ni nusu," Sikio alisema. "Karani, kimeletwa nini ambacho hakikuonyeshwa?"

"Kuna jibu moja refu ambalo ukurasa umelipokea na kulikunja chini. Ni kanuni za uhifadhi. Mojawapo inasema faili lisiloombwa na mtu yeyote kwa mwaka mzima lifutwe ili kuokoa nafasi. Imekubaliwa kwa akaunti ya Meneja, kituo kilipohamia mpango wa bei ndogo wa kampuni ya seva. Chini yake kuna mafaili yaliyofutwa. Ni ya Bibi Alfajiri, yote. Yalifutwa na seva yenyewe."

Meneja alilegeza tai.

"Waliniambia ni kupunguza mzigo," alisema hatimaye. "Kulikuwa na kurasa na kurasa za maneno, chini kabisa kuna Kubali. Nikakubali. Jamani, nani anasoma yale?"

"Karani anasoma," Sikio alisema.

"Lakini si kweli!" Binti alikuwa amesimama. "Eti hakuna aliyeziomba mwaka mzima? Nimemsikiliza mama jana. Nimemsikiliza leo, huyu mama ni shahidi. Kila siku."

Sikio alikuwa akiogopa swali hilo tangu waya ulipochomoka. Alimshika mkono, akamketisha, akaketi karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Ulimsikiliza kila siku, lakini kutoka stoo. Alikuwa karibu nawe mno, hukuhitaji kumtuma mtu kwenda kumleta. Ombi halikutoka, na seva haijui kusikiliza, inajua kuhesabu maombi tu. Kwa hesabu yake alikuwa hasikilizwi na mtu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Kufuta kumetokana na kitufe cha Meneja. Wewe ndiye uliyemtunza. Asingekuwa na wewe, leo tusingekuwa na cha kurudisha."

Binti akauliza jambo ambalo Sikio alitamani lisiulizwe. "Na wengine? Mji mzima ulilia siku ya mazishi. Barabara ilifungwa. Hakuna hata mmoja?"

Karani hakuwa na ujanja wa kunyamaza. "Hakuna hata mmoja," alisema.

Kila mtu mle ofisini alitazama chini. Sikio naye alitazama viatu vyake, na aibu aliyoisikia haikuwa ya kipelelezi.

Meneja alinyanyua barua, akaichana, kisha akachana vipande. "Fundi, nimekukosea. Mbele ya watu nilikushutumu, na mbele ya watu nitasema."

"Nimesikia," Nyaya alisema. Alikuwa akimtazama binti.

"Mjomba," binti alisema.

Lilikuwa neno dogo, na mzee lilimtikisa. Walirudi mapokezi. Binti alivuta kiti chake mwenyewe, akampangusia kwa kiganja. "Kaa hapa. Magoti yako mabovu."

Nyaya alikaa, akavaa vipokea sauti, akaanza kuzitoa sauti stoo moja baada ya nyingine, Karani akimwonyesha kila ilipo, na kabla ya kuirudisha yoyote kwenye seva alimtaka Meneja asimame nyuma yake na kuifuta ile kanuni. Meneja alisimama. Alisoma kila neno safari hii, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nisamehe, mjomba," binti alisema nyuma ya bega la mzee, machozi yanamtiririka sasa waziwazi. "Nilikudhania vibaya."

"Funga kwanza kamba za viatu," Nyaya alisema bila kugeuka, "utaanguka."

Binti alitazama chini. Alikuwa amevaa ndala. Akacheka huku analia, na mabega ya mzee nayo yakawa yanacheka.

Sauti zote ziliporudi kwenye seva, Meneja alimruhusu Karani aendelee kuona kwa mbali hesabu ya maombi ya kule, na Sikio akakunja waya wake, akaaga. Mlangoni alisikia binti akimwambia mjomba wake kwamba leo watasikiliza kwa simu, sauti iombwe kule kwenye seva ihesabiwe, na Karani akasema mkobani, "Ombi limetoka."

Nje jua lilikuwa kali. Mtu alikuwa akiosha gari na maji yalitiririka mpaka njiani, na watu walipanga foleni mbele ya duka la simu, kila mmoja kichwa chini. Zamani saa kama hizi ungeweza kuitembea barabara hii yote usikose neno la redio, kwa sababu kila dirisha lilikuwa nayo. Sikio alisimama kando ya ukuta, akatoa simu yake, akautafuta ukurasa wa sauti za zamani. Hakuwahi kuufungua maishani mwake. Aliweka kipokea sauti sikioni, akabonyeza.

"Ombi limetoka," Karani alisema. "Faili hili limeombwa mara mbili leo."

Jogoo aliwika mbali. Kikombe kikatua kwenye kisahani.

"Umeamka? Basi tuko wawili."

"Tumeamka, dada," Sikio alijibu kwa sauti, katikati ya watu.